Ada pekee haiendeshi shule ya muziki

KIGOMA – Wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wanajua kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki na biashara hulala kwa siku kadhaa. Mwenye akili huweka akiba ya siku za giza. Shule za sanaa zisizo za faida nazo zina mbalamwezi yao, ila hiyo haimo kwenye kalenda.

Mfano ulio wazi ni chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA) cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 2002 kufundisha taarabu, ngoma na ala kama udi na kanuni. Kwa miaka mingi kilibebwa na wafadhili wa nje na balozi. Misaada ilipopungua, mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba kinaweza kufungwa na kuihama Nyumba ya Forodha ya zamani, Mji Mkongwe.

Hesabu zenyewe ni hizi. Wakati huo wanafunzi wa kudumu walikuwa 80 na ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi. Wote wangelipa, zingepatikana dola 1,040. Lakini asilimia 70 hawakuweza kulipa, kwa hiyo walipaji ni 24 na makusanyo ni dola 312 tu. Mshahara wa walimu, umeme na nyuzi za ala havingojei. Kupandisha ada? Ni kuwafukuza hao 24 nao.

Msaada wa mfadhili una kasoro nyingine: mara nyingi hutolewa kwa mradi maalumu na kwa muda maalumu. Fedha za tamasha haziwezi kulipa pango, hata sanduku likiwa limejaa.

Chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa wakala wa Serikali (TaSUBa) mwaka 2007, kina mgongo wa Serikali. Shule binafsi haina.

Jambo hili linaihusu Kigoma, mkoa ambao wasanii wake walikusanyika mwaka 2012 na kutoa wimbo wa Leka Dutigite. Atakayeombwa mtaji wa shule ya muziki Ujiji asitarajie gawio. Aulize kwanza: jengo ni la nani, maonyesho ya kulipia yanaingiza kiasi gani, na ipo akiba ya miezi mingapi mfadhili akiondoka.