Je, Wajua? Mnanaha hufungua kifua na kuvuruga akili

Ule mmea wa maua meupe yenye umbo la tarumbeta na tunda la miiba, unaojiotea jalalani na kando ya mashamba ya mahindi, ni mnanaha. Tangu zamani wenye pumu wamevuta moshi wa majani yake makavu, na kweli pumzi hupata nafuu. Ulaya, sigara za namna hiyo ziliuzwa madukani hadi karne ya 20.

Shida ni kipimo. Mmea una atropini na skopolamini, na kiasi chake hutofautiana mmea kwa mmea. Kilichomfaa jirani chaweza kukuangusha wewe, na kuchemsha hakuondoi sumu. Kinywa hukauka, mboni hutanuka hadi mwanga unaumiza, moyo huenda mbio, mkojo hukataa kutoka. Kisha mgonjwa huongea na watu wasiokuwapo, akidonoadonoa hewani vitu asivyoviona mwingine. Inasimuliwa kuwa mwaka 1676 askari wa Kiingereza huko Jamestown, Virginia, waliupika kama mboga, wakarukwa na akili kwa siku 11.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2019, Karamoja nchini Uganda, unga wa msaada uliochafuliwa na sumu za jamii hiyohiyo uliwadhuru watu karibu 300, watano walifariki.

Na atropini hiyohiyo, ikishapimwa na daktari, ndiyo dawa ya kumwokoa aliyekunywa baadhi ya dawa za kuua wadudu.