Kulinda na Kushambulia katika Mchezo wa Vita vya Pasifiki

Miongoni mwa michezo ya vita ichezwayo mezani kwa ramani, vipande na dadu, sijauona uonyeshao tabia ya vita vya visiwani kwa uwazi kama Victory in the Pacific, uliobuniwa na Richard Hamblen na kutolewa na Avalon Hill ya Marekani mwaka 1977, ambamo mchezaji mmoja hushika majeshi ya Japani na mwenziwe majeshi ya Marekani na washirika wake, wakashindana kwa duru nane tangu hujuma ya Pearl Harbor ya Desemba 1941.

Alama katika mchezo huu hupatikana kwa kuyatawala maji, na manowari za doria, ambazo zaweza kumpatia mtu utawala huo, huwekwa kwanza mbele ya macho ya adui. Zile za hujuma huja baadaye, zikijua pa kupiga, nazo ingawa haziwezi kutawala, zaweza kumnyima adui utawala. Na kwa kuwa Mjapani ndiye atanguliaye, Mmarekani humsubiri, akaitazama safu yake, kisha akachagua palipo dhaifu. Hapo ndipo mlinzi asiye na tajriba huangamia, kwani huzigawa manowari mojamoja kila bahari akidhani amelinda kote, kumbe amemwandalia adui ushindi mwepesi mahali pengi kwa wakati mmoja.

Sheria hiyo ya kutawala maji haikubuniwa kwa anasa, kwani katika vita vyenyewe aliyeshika kiwanja cha ndege ndiye aliyeitawala mchana bahari iliyokizunguka. Kisiwa cha Guadalcanal, ambako Wamarekani walishuka tarehe 7 Agosti 1942, thamani yake yote ilikuwa kiwanja cha ndege. Maadamu ndege za Marekani ziliruka kutoka hapo mchana, Wajapani walilazimika kupeleka askari na chakula usiku kwa manowari ziendazo mbio, hata wakaondoka Februari 1943.

Wala mshambuliaji asidhani kwamba wingi wa zana watosha. Huko Tarawa, Novemba 1943, mashua za Wamarekani zilikuta maji mafu juu ya mwamba wa kisiwa cha Betio, zikakwama, na askari wakashuka wakajikokota majini mamia ya mita chini ya mvua ya risasi; kisiwa kile kidogo kilitwaliwa kwa siku tatu, na Wamarekani wapatao elfu moja walikufa. Binafsi naona kwamba shambulio la namna ile halistahili ila pale ambapo kisiwa kitakupa kiwanja cha kufikia kingine, maana Rabaul, ngome kuu ya Wajapani yenye askari wasiopungua elfu tisini, haikushambuliwa kwa askari wa nchi kavu kabisa: ilizungukwa, ikapigwa kwa ndege, ikakatiwa njia za bahari, na jeshi lake likakaa bila ya faida mpaka Japani iliposalimu amri mwaka 1945.

Basi, msomaji mwema, ukipewa upande wa Japani, jitwalie alama nyingi mapema, kisha uziachilie bahari za mbali kabla hujafukuzwa, na manowari zako za kubeba ndege uziweke pamoja, karibu na vituo vya ndege za nchi kavu. Na ukipewa upande wa Marekani, usione haya kusubiri: kila duru hukuletea manowari mpya, ambazo mwenzio hana za kulingana nazo.