Fuvu la Mkwawa na Bei ya Viazi: Bloku za Tovuti Zisajiliwe Wapi?

Tangu WordPress, programu huria ya kujengea tovuti, ilipotoa toleo lake la 5.0 mwezi Desemba 2018, kurasa huandikwa kwa kupanga bloku, yaani vipande vinavyojitegemea kama aya, picha au jedwali, ndani ya kihariri kinachofunguka kwenye kivinjari. Bloku za asili hazikidhi kila haja, hivyo mtengenezaji huunda zake na kuzisajili, maana yake kuiarifu programu kwamba bloku yenye jina fulani ipo, ina sifa fulani na itaonekana namna fulani.

Bloku ikisajiliwa upande wa kivinjari peke yake, kwa lugha ya JavaScript, kihariri huitambua, na mwandishi anapohifadhi ukurasa, umbo lake kamili huandikwa katika hifadhidata jinsi lilivyo wakati huo. Tovuti ya utalii ya Iringa inayoeleza kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani mwaka 1954 haihitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa mwaka huo haubadiliki. Bei ya gunia la viazi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, si hivyo: hupanda na kushuka kwa msimu, na bei iliyoganda ndani ya ukurasa humpotosha mkulima wa Umalila anayepiga hesabu ya kushusha mzigo mjini.

Bloku ya namna hiyo husajiliwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa lugha ya PHP. Kinachohifadhiwa ndani ya ukurasa ni jina la bloku na sifa zake tu, na kila msomaji anapofungua ukurasa, seva huichukua bei iliyopo na kuiandika papo hapo, kiasi kwamba bei ikirekebishwa mahali pamoja, kurasa zote zenye bloku hiyo huifuata. Seva hubeba kazi zaidi, lakini gharama hiyo inastahili.

Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, njia inayopendekezwa ni kuieleza bloku katika faili moja, block.json, inayosomwa na pande zote mbili. Bloku inayojulikana na seva huwezesha pia mapambo yake kupakiwa pale tu inapotumika, jambo lenye uzito kwa msomaji anayetumia bando la simu.

Hatari kubwa zaidi imo katika mandhari, yaani faili zinazoipa tovuti sura. Bloku iliyosajiliwa ndani ya mandhari huondoka pamoja nayo: habari ya Kalenga itaendelea kusomeka kwa sababu maandishi yake yalikwishahifadhiwa, ila pale palipokuwa na bei patabaki patupu. Bloku ya bei, basi, isiwekwe katika mandhari. Iwekwe katika programu-jalizi, yaani nyongeza inayojitegemea, ambayo hubaki mahali pake hata sura ya tovuti ikibadilishwa.