"Charge": Neno Moja, Mizigo Mingi

Yako maneno ya Kiingereza tuliyoyazoea hata tukayafanya yetu. Moja ni "charge". Tunaulizana, "Fundi anachaji ngapi?" Tunatafuta stima ya kuchaji simu. Tukifika dispensari tunamuulizia inchaji. Kwa sababu tunalisikia kila siku, tunadhani tunalijua. Lakini neno hili hili likiandikwa kwenye karatasi ya korti au ya benki, linaweza kukugharimu uhuru wako au shamba lako.

Asili yake ni Kilatini, katika neno "carrus", yaani gari la kukokotwa. Likapitia Kifaransa cha zamani likiwa na maana ya kupakia mzigo. Mzizi huo ndio uliozaa pia "car", ambalo sisi tunalo katika motokaa. Shika hilo la mzigo, na maana nyingi zitakuwa rahisi.

Bei: Fundi akikuchaji shilingi 500, amekuwekea mzigo wa kulipa.

Stima: Betri ikichajiwa, inapakiwa nguvu.

Kazi: Aliye "in charge" amebeba jukumu la mahali au la watu.

Iko pia maana ya kuvamia kwa mbio, kama nyati anapomkimbilia mtu. Hiyo haina shida, maana ukimwona huhitaji mkalimani!

Sasa tuje kwenye zile mbili zenye hatari.

Korti: Hapa "charge" ni kushtaki. Mtu akiambiwa na polisi kwamba atachajiwa, asidhani anatajiwa bei. Anaambiwa kuna kosa analobebeshwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya saa za korti. Kifungu cha 50 kinampa haki ya kuelezwa mashtaka kwa ukamilifu, na kupewa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Kwa hivyo usijibu "ndiyo" kwa jambo ambalo hujalielewa. Omba ufafanuliwe.

Shamba: Hapa "charge" ni kuweka rehani. Shamba linabaki kwa jina lako, lakini limebebeshwa deni, na mzigo huo unaandikwa katika rejista ya ardhi. Ukishindwa kulipa, benki inaweza kuuza. Lakini Sheria ya Ardhi ya 2012 haikubali uuziwe ghafla. Kwanza upewe notisi ya kulipa isiyopungua miezi 3, kisha notisi nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Na kina mama, sikieni: kama ni nyumba ya ndoa, rehani hiyo haina nguvu bila mke au mume kutia sahihi au kuonyesha kwamba amekubali. Basi ukiletewa karatasi na kuambiwa, "Weka sahihi tu hapa," jua kwamba sahihi hiyo ina uzito.

Kuna pia neno ndugu yake, "discharge", yaani kushusha mzigo. Tunalijua hospitalini, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani. Shamba nalo huruhusiwa. Ukimaliza mkopo, dai hati ya "discharge" kutoka benki na uhakikishe imesajiliwa katika ofisi ya ardhi. Usipofanya hivyo, deni umelipa lakini rejista bado inasema shamba limefungwa, na watoto wako watasumbuka siku ya kurithi. Anayetaka kununua shamba naye afanye sachi kwanza, asije akanunua mzigo wa mwingine.

Ukikutana na neno hili katika karatasi yoyote, usione haya kuuliza: Ni mzigo gani? Nani anaubeba? Utashuka lini? Asiyekubali kukujibu, usimtilie sahihi.