Majeruhi wa Vita vya Kagera: Haki Kabla ya Sadaka

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, vikaisha mwaka 1979. Majeraha ya baadhi ya wapiganaji wake hayajaisha.

Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alianzisha diwani, daftari la wapiganaji na posho zao, wala hakuwaachia huruma za wapita njia. Nasi twasema: pensheni na malipo ya ulemavu ni haki, si sadaka.

Lakini madai bila nyaraka hukwama. Enyi vijana, tafuteni hati ya kuachishwa jeshi na ripoti za daktari mzee angali hai, akikumbuka namba yake ya jeshi. Mama ahifadhi cheti cha ndoa.

Nasi wanakamati za misikiti tumwandikie barua, tumsindikize ofisini, na tujenge njia ya kiti cha magurudumu mlangoni, asiikose Ijumaa.