Majipu ya Wachumaji na Dawa za Dukani



Msimu wa karafuu huja na michubuko, na mchubuko usiooshwa huzaa jipu. Mara nyingi alileta ni kijidudu kiitwacho stafilokokasi. Hakitoki mbali: watu yapata 3 katika kila 10 wanacho puani, nao ni wazima.

Penisilini, aliyoivumbua Fleming mjini London mwaka 1928, ilikiua upesi. Lakini katika miaka ya 1940 wengi wa vijidudu hivi mahospitalini walikwisha pata namna ya kuivunja. Ikatengenezwa methisilini, ikaanza kutumiwa mwaka 1959. Mwaka 1961 Waingereza wakatangaza kijidudu kisichoidhuru. Miaka 2 tu! Mche wa mkarafuu hauzai kwa muda huo.

Basi anayenunua vidonge vya rangi mbili, viwili leo na viwili kesho, huua vilivyo dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu. Hospitali kubwa huweza kuupima usaha: hupandwa sahanini pamoja na vikaratasi vyenye dawa, na penye dawa ifaayo vijidudu haviote. Jipu dogo aghlabu hutaka kupasuliwa na daktari tu, bila ya kidonge. Mwenye jipu na homa aende siku ile ile, kwani kijidudu hiki kikiingia damuni huua.