Mabadiliko ya forodha yanavyomgusa mkulima wa chai Kericho na Bomet

MKULIMA wa Litein au Mogogosiek anapofikisha majani mabichi katika kituo cha ununuzi, hupimiwa kilo, hupewa risiti na kurejea shambani. Kwa chai yenyewe, safari ndiyo kwanza inaanza. Baada ya kusindikwa kiwandani hutiwa katika mifuko ya karatasi na kupakiwa kwenye malori hadi maghala ya Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 700, ambako huuzwa mnadani kwa dola za Kimarekani. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969.

Mnunuzi huichukua chai ikiwa ghalani. Malipo ya wakala wa forodha, ya bandari na ya meli ni juu yake, naye huyapigia hesabu yote kabla ya kutaja bei. Akihofia kwamba makasha yake yatakaa bandarini wiki nzima kwa sababu ya karatasi moja, hutaja bei ya chini. Hivyo uzembe wa Mombasa humfikia mkulima kupitia bonasi ya mwisho wa mwaka, ingawa hajawahi kumtia machoni wakala yeyote.

Zamani wakala alizunguka na faili kwapani, ofisi hadi ofisi, akitafuta mihuri. Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilianzisha mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, ambao baadaye ulipisha mfumo mwingine, iCMS. Tangu mwaka 2013, vibali vya idara mbalimbali za serikali huombwa kwa intaneti kupitia mfumo mmoja unaosimamiwa na shirika la KenTrade. Kazi imekuwa nyepesi, hilo halina ubishi. Lakini mtambo unapozimika, hakuna dirisha lingine la kubisha hodi. Mawakala wote husimama pamoja, na mizigo yao pia.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza eneo moja la forodha. Maofisa wa ushuru wa Uganda na Rwanda waliwekwa Mombasa, na shehena za nchi zao zikaanza kukaguliwa na kulipiwa ushuru huko huko kabla ya kuondoka bandarini. Mawakala wa Malaba na Busia, waliokuwa wakiishi kwa kuandaa hati mpakani, waliona riziki yao ikihamia pwani. Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi, na lori sasa husimama upande mmoja tu wa mpaka, ule wa nchi linakoingia.

Wapo watakaouliza haya yanamhusu vipi mtu wa Bomet. Chai ya Uganda na Rwanda huuzwa katika mnada huo huo wa Mombasa, kwa hiyo mpaka ukiwa mwepesi, mshindani naye hufika sokoni mapema. Hata hivyo, wanunuzi wakubwa huvutiwa na Mombasa kwa sababu hapo hupata chai ya nchi nyingi kwa pamoja. Mnada wa chai ya Kenya pekee ungekuwa mdogo zaidi.

Nje ya kanda, karatasi moja yaweza kuamua faida. Chai inayokwenda Misri haitozwi ushuru wa forodha huko iwapo ina cheti cha asili cha COMESA, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama. Cheti kikikosewa, mnunuzi wa Misri hudaiwa ushuru, naye hatasahau ni wakala gani aliyemponza.

Zipo pia dhoruba ambazo hakuna wakala awezaye kuzizuia. Machi 2025, Sudan ilitangaza kusitisha uagizaji wa bidhaa zote kutoka Kenya, ikilalamikia Nairobi kuwa mwenyeji wa mkutano wa kikosi cha RSF na washirika wake. Chai iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya soko hilo ilikwama, nyingine ikiwa tayari njiani. Katika hali kama hiyo, wauzaji hulazimika kutafuta soko jingine, na mawakala kuandika upya hati za kila kasha linalobadilishiwa njia, huku malipo ya kuhifadhi mzigo yakizidi kuhesabiwa kwa siku.